Ukurasa wa Chuma

Kolandoto, Shinyanga
14 Februari 1954

Ndugu yangu Bujiku,

Mwangaluka. Najua utacheka kuona barua ndefu kutoka kwa mtu aliyekaa miaka miwili bila kukuandikia hata mstari. Cheka kwanza, halafu kaa chini usome, maana nina jambo.

Mimi bado niko hapa hospitali, chumba cha dawa, nachanganya dawa za kikohozi na kuosha chupa. Mwaka jana daktari mmoja Mzungu alirudi kwao akaacha kabati zima la vitabu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyataka mavumbi yake, ufunguo nikapewa mimi. Ndani mna vitabu ishirini na tisa vya namna moja, vizito kama matofali, na juu ya kila kimoja pameandikwa ensaiklopidia. Maana yake ni kitabu kinachotaka kusema habari za kila kitu duniani, kwa mpango wa herufi. Kila kitu, Bujiku. Nyuki wamo. Magonjwa ya ng'ombe yamo. Mji wa Roma umo, na namna ya kutengeneza sabuni. Saa kumi nikifunga chumba cha dawa nakaa na kimoja na kamusi yangu ya Kiingereza. Nikimaliza kurasa mbili nasimama kwanza nitembee uani, maana kichwa kinajaa.

Sasa sikia. Nimesoma kwamba miaka mia mbili iliyopita Mfaransa mmoja, mtoto wa mfua visu, aliongoza wenzake kuandika kitabu cha namna hiyo. Hakutosheka na maneno ya wasomi. Alikwenda kwenye karakana za mafundi akawauliza, wewe kazi yako unaifanyaje? Wengi hawakuweza kumjibu. Mikono yao ilijua, midomo haikujua. Ikabidi atazame, na mara nyingine ashike kazi mwenyewe. Na mtu huyo huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa michezo ya kuigiza. Akienda kutazama mchezo anaoujua, alikuwa anaziba masikio kwa vidole ili atazame mikono na nyuso tu. Akaandika kwamba mwigizaji hodari halii. Anawaliza wengine, na moyo wake mwenyewe umekaa baridi unatazama. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilikukumbuka wewe. Siku zote nilidhani maigizo yako na mambo yangu ya vitabu hayajuani hata kwa salamu, kumbe yaliwahi kulala chini ya paa moja, ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Nami nimeanza changu. Nimeshajaza madaftari manne ya shule. Kinaitwa Kitabu cha Vitu Vyote vya Kwetu, kwa Kiswahili, kuanzia A. Nimeshapita Asali, nimepita Boga na Chatu, sasa nimekwama kwenye Chuma.

Nimekwama hivi. Katika wodi ya wanaume yuko Mzee Masele, yule mfua chuma wa huko kwenu Geita, wa mwisho aliyekuwa akiyeyusha mawe yakawa majembe. Tangu Oktoba amepooza upande wa kulia na hawezi kusema. Binti yake Scolastika, Mama Esta, aliyeolewa hapa Kolandoto, ndiye aliyemleta na ndiye anayemlisha. Yeye hajui lolote la tanuru, maana wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia, na Mzee hana mtoto wa kiume aliye hai. Daktari ameniambia pembeni kwamba tusitegemee mwaka mzima. Akiondoka, namna ya kufanya chuma inakwenda naye, na ukurasa wangu utabaki na neno moja tu juu.

Juzi dereva wa lori la pamba kaniambia kwamba huko kambini kwenu, mgodini, una mchezo uitwao Mfua Chuma, na kwamba unaonyesha kila kitu, tangu kupanga makaa mpaka kutoa bonge la chuma. Njoo, Bujiku. Uigize mbele ya kitanda chake. Ukikosea atakuonyesha hata kwa jicho, nami nitaandika. Sioni njia nyingine.

Ni mimi mwenzako wa darasa la nne,
Athanas

*

Kambini, Geita
3 Machi 1954

Kwa Bwana Athanas, Mwandishi wa Vitu Vyote,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliwasomea wenzangu wa chumba, Gregory na Marcel. Gregory akauliza kama yeye yumo kitabuni. Nimemwambia angoje herufi yake, na aache pombe kwanza ili pawe na jambo la kuandika.

Kuja huko haiwezekani. Mashine ya kusaga mawe haijui likizo, na nyapara wetu akilisikia neno hilo anaumwa kichwa. Mvua nazo zimeharibu barabara. Tena nina mafua. Ukitaka sababu nyingine niambie, ninazo.

Na mchezo wenyewe ni upuuzi tu, wa kuwachekesha watu Jumapili mchana. Ila kama ni mikono ya kazi unayoitaka, hiyo naweza kukuandikia. Wakati wa vita majembe ya dukani yalipopotea, Mzee Masele aliliwasha tanuru lake tena, nami nilimbebea makaa misimu mitatu. Ukoo wetu na wake ni watani, ndiyo maana alikubali nikae karibu. Lakini sikukaa kujifunza. Nilikaa kutafuta cha kuchekesha.

Basi andika. Tanuru ni la udongo, kimo cha mtu aliyechuchumaa. Chini yake kuna shimo lililopangwa mavi ya chuma, yale masazo ya moto wa zamani. Mabomba manne ya udongo yanaingia pande nne, na kila bomba lina mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, ya kupulizia moto. Unaweka makaa, juu yake mawe ya chuma yaliyopondwa, juu yake makaa tena, mpaka lijae. Moto unawashwa jua likichomoza na unavukutwa mpaka alasiri. Hapo ndipo Mzee anapoanza vituko. Anazunguka tanuru akiburuta mguu wa kushoto kama bata aliyekanyagwa. Anatema mate kwenye mdomo wa bomba. Anainama kama mtu anayesikiliza umbeya. Na muda wote anaimba ule wimbo wao, ambao nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, beti zote sita. Usiwasomee wauguzi. Mimi kambini naupenda sana ule mguu, nikiuburuta tu watu wanaanguka.

Kuhusu Mfaransa wako, anasema kweli. Nikilia pale mbele, machozi yanatoka, lakini ndani nimetulia kabisa, natazama nani kasinzia na nani kaja na mke wa mtu.

Niambie kitu. Mzee akili yake iko? Anasikia watu wanachosema? Na aliugua siku gani hasa?

Bujiku

*

Kolandoto
24 Machi 1954

Ndugu Bujiku,

Nashukuru sana. Nimeinakili barua yako kwa wino mweusi, mistari thelathini na miwili, na nimetoa mambo matatu. Nimetoa ule mguu, kwa sababu kilema cha mtu si sehemu ya kazi yake. Nimetoa mate, kwa sababu ni uchafu. Na wimbo. Bujiku, niliusoma peke yangu nyuma ya kabati na bado niliona aibu. Nimeelewa kwamba bibi harusi anayeimbwa ni tanuru na chuma ndiye mtoto, lakini yale anayoambiwa huyo bibi harusi siwezi kuyaweka katika kitabu ambacho mchungaji ataomba akione. Nimejifariji kwamba hata yule Mfaransa aliziba masikio.

Mzee akili anayo timamu, na anasikia vizuri. Jana nilimsomea ukurasa wote, polepole. Nilipofika mwisho alikuwa amegeuza uso ukutani. Nadhani alichoka.

Umeuliza aliugua lini. Mama Esta anasema ilikuwa Alhamisi, katikati ya Oktoba, siku nne baada ya kutoka kutazama mchezo huko mgodini. Basi huenda ulimwona? Mbona hukunieleza? Nilipomtajia Mama Esta jina lako aliinuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nakuletea nakala ya ukurasa. Wewe uko karibu na mawe yenyewe. Chagua siku moja ya mapumziko, wewe na hao wenzako, mfuate nilivyoandika. Chuma kikitoka nitajua nimeandika kweli.

Athanas

*

Kambini, Geita
20 Aprili 1954

Athanas,

Jana, Jumatatu ya Pasaka, tumejaribu. Tanuru la Mzee bado liko kule mlimani, upande mmoja umebomoka, tukaukandika kwa udongo tangu wiki iliyopita. Gregory, Marcel, mimi na jamaa wengine wawili kutoka kambini. Nilikuwa na ukurasa wako mkononi kama padri na kitabu cha misa. Tulipanga ulivyosema, tukavukuta ulivyosema, tangu alfajiri mpaka mikono ikawa haina nguvu ya kushika kijiko. Saa tisa tukavunja. Ndani mlikuwa na majivu, mavi ya chuma, na mawe yaliyoungua nje na kubaki mabichi ndani. Marcel akasema tumepika uji wa mawe. Watu walicheka, mimi sikucheka.

Sasa nikueleze nilichokuficha, maana umenikaribia mno na sitaki ukisikie kwa mwingine.

Jumapili ile ya Oktoba Mzee Masele alikuwepo. Alikaa mstari wa mbele, juu ya sanduku, na fimbo yake. Nilimwona kabla sijaanza. Ningeweza kucheza mchezo mwingine, ninayo mitano. Lakini nilijiambia, huyu ni mtani wangu, mtani hakasiriki. Nikacheza Mfua Chuma kuliko nilivyowahi kuucheza. Ule mguu, mate, sauti yake. Watu zaidi ya mia tatu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya uwanja. Walipogundua kwamba mwenyewe amekaa pale mbele, wakamgeukia wakamcheka yeye. Aliinuka kabla sijamaliza, akapita katikati yao akienda zake, na alikuwa anauburuta mguu kweli.

Wewe unajua utani ulivyo. Nakutania, unanitania, tunakula. Mtani lazima apate zamu yake. Pale jukwaani Mzee hakuwa na zamu. Ningewezaje kumpa zamu, mbele ya wageni wa kila kabila ambao hawajui hata yeye ni nani?

Kuna jingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwetu mtani ndiye anayemwigiza marehemu msibani. Anavaa kofia yake, anatembea mwendo wake, anasema kwa sauti yake, watu wanacheka na machozi yao, halafu wanazika. Mimi nilimfanyia hivyo mtu aliye hai, na siku ya nne akaanguka. Kambini walinena waziwazi kwamba nimemzika Mzee akingali anapumua. Mpaka leo sijaucheza tena mchezo ule. Dereva wako alikuwa anasimulia habari za zamani.

Ndiyo maana siji. Mafua nilikudanganya.

Bujiku

*

Kolandoto
2 Mei 1954

Kwa mtani wetu Bujiku,

Habari za huko. Anayekuandikia ni Scolastika, binti Masele. Barua yako nimeisoma. Usimlaumu Athanas. Alipoipokea alibadilika sura, nikaichukua mkononi mwake.

Nimekukasirikia miezi saba. Wakati naosha miguu ya baba nakukasirikia, wakati namlisha uji unaomwagika kwenye kidevu nakukasirikia. Sikumwambia Athanas kwa sababu nilitaka hasira hiyo iwe yangu peke yangu. Sasa nimejua kwamba na wewe umejikasirikia muda huo huo, na sikupendezwa, nilitaka uwe umelala vizuri huko ili niendelee kukukasirikia.

Daktari hapa anasema ni damu, ilikuwa imepanda miaka mingi, na kwamba angeanguka hata angekuwa amelala nyumbani. Mimi sijui. Wewe unaamini ulimzika akiwa hai. Haya, kama ulimzika, njoo umfukue. Mtani aliyekosea haandiki barua, anakuja.

Baba amepungua. Njoo kabla ya mwisho wa mwezi. Utalala kwetu, mume wangu amekubali.

Scolastika, Mama Esta

*

Kolandoto
23 Mei 1954

Ndugu Bujiku,

Natumaini lori lilikufikisha salama. Uliondoka upesi, hatukupata nafasi ya kuongea, na yapo mambo ambayo wewe hukuyaona kwa sababu muda mwingi ulikuwa umempa Mzee mgongo, ukilizunguka lile pipa tulilolifanya tanuru. Mimi nilikuwa nauona uso wake. Acha nikuambie.

Uliposimama mlangoni ukashindwa kuingia, Mzee alikuwa anakutazama kitambo. Ulipoingia huku unauburuta mguu, Mama Esta alishika ukingo wa kitanda, nami nikajuta kukuita. Kisha ukaanza kuimba. Mzee alikuwa na kijiko cha uji mkononi, mkono wa kushoto ulio mzima. Akaanza kukigonga kwenye chuma cha kitanda. Nilidhani anakukataza. Nikasikiliza, nikaona anagonga pale hasa ambapo mvukuto ungeshuka.

Ubeti wa tatu uliruka mstari kwa sababu ya wauguzi. Kijiko kikasimama. Ulipoendelea na ubeti wa nne hakikugonga, kikangoja, mpaka ukarudi ukauimba ule mstari wote, muuguzi akakimbia, ndipo kikaanza tena. Basi nikatoa saa ninayohesabia mapigo ya wagonjwa. Bujiku, kila ubeti una mwendo wake. Wa kwanza mapigo arobaini kwa dakika, wa pili arobaini na nane, wa nne unapanda mpaka sabini, wa sita unashuka. Umeimba mara tatu, na mara zote tatu hesabu haikupishana hata kwa pigo moja. Huo wimbo nilioutupa ndio saa ya moto, inayosema mivukuto ishuke kwa kasi gani. Watu wasiokuwa na saa waliificha saa yao ndani ya matusi, ili asiwepo mtu wa kuisahau. Nikaandika kila hesabu pembeni mwa ubeti wake.

Halafu mguu. Ulipoburuta mara ya pili alitikisa kichwa, nikakusimamisha, unakumbuka. Aligusa unyayo wake, akalaza kiganja juu ya godoro, akakiondoa haraka kama aliyeungua. Hakuwa na kilema chochote siku zile. Alikuwa anatembea peku akiupapasa udongo kwa unyayo, ajue moto umefika wapi chini ya tanuru na upande gani umepoa. Na mate hali kadhalika. Alilowesha kidole akakigusisha kijiko, akatoa sauti ya kuungua kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Mate yakikauka polepole bomba lile liongezewe pumzi, yakikauka mara moja liachwe.

Wewe ulichukua yote bila kujua maana ya hata moja. Ulikuwa unatafuta cha kuchekesha, kwa hiyo hukubagua. Mimi mwenye kabati la vitabu ndiye niliyebagua, nikatupa yale matatu yanayofanya chuma kiwe chuma. Yule Mfaransa mtoto wa mfua visu angekuita ukae naye mezani. Mimi sijui angeniambia nini.

Nimeuandika ukurasa upya, na wimbo mzima umo. Mchungaji akiuliza nitamwambia ni kama dawa, mimi mchanganya dawa siwezi kupunguza kitu kwa sababu kina ladha mbaya. Nakala ni hii.

Jambo la mwisho nilitaka kulinyamazia. Ulipopiga magoti kumwomba radhi alifumba macho, na mkono uliomnyooshea hakuupokea. Mama Esta anasema huenda alikuwa amechoka. Lakini neno hilo la kuchoka nililisema mimi mwezi wa tatu, alipogeuza uso ukutani, na nilikuwa sijui ninachosema.

Athanas

*

Kambini, Geita
14 Juni 1954

Athanas,

Kimetoka.

Utanisamehe mwandiko, naandika haraka. Tumefanya jana, watu wale wale watano. Kabla ya jua nilivua viatu. Gregory alitaka kucheka, nikamwambia achekee ndani.

Nilipoanza ubeti wa kwanza nilikuwa mimi, Bujiku wa kambini, namwigiza Mzee Masele. Nilijiona kama ninavyojiona siku zote, nilijua mguu uko wapi na mkono uko wapi. Ubeti wa pili hivyo hivyo. Tuliurudia kila ubeti mpaka unyayo useme, kama Mzee alivyotuonyesha. Mchana, katikati ya ubeti wa nne, unyayo wangu ulishtuka upande wa mashariki, mguu ukajivuta wenyewe kabla sijauamuru. Nikalirukia bomba la upande huo, nikatema, mate yakakauka polepole. Nikapiga kelele, huyu ana njaa, mwongezeni. Athanas, maneno hayo hayamo katika ukurasa wako. Hayamo katika mchezo wangu. Mzee alikuwa akiyasema wakati wa vita, nami sikujua kwamba ninayo.

Mfaransa wako anataka moyo ukae baridi. Wangu ulikaa baridi mpaka saa tisa na nusu. Tulipovunja udongo lilitoka bonge, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, jekundu, linatoa machozi ya moto. Marcel akalipiga kwa nyundo ya mgodini tukitegemea livunjike kama mawe yale ya Pasaka. Halikuvunjika. Lilibonyea. Likaimba. Gregory, ambaye hata kanisani hanyamazi, alivua kofia akaishika kifuani. Tulisimama watu watano wa mgodini, tunaoponda mawe ya watu kila siku ya Mungu, hatujawahi kuona jiwe likigeuka kitu mbele ya macho yetu. Mimi nililia, na sikutazama nani ananitazama.

Nimekata kipande cha ngumi moja, nimempa dereva wa pamba, amekifunga ndani ya shati lake. Mpe Mama Esta ampe Mzee. Usimsomee chochote, wala usimwambie ninaomba radhi. Mpe tu mkononi.

Bujiku

*

Kolandoto
4 Julai 1954

Mtani wangu Bujiku,

Baba ametutoka Jumatano, saa nne asubuhi, kwa utulivu. Tumemzika hapa hapa. Niliomba upelekewe simu lakini waya ulikuwa mbovu, kwa hiyo msibani hatukuwa na mtani, na watu walilia tu bila kucheka, na ilikuwa nzito. Athanas alibeba jeneza upande wa mbele. Ukurasa wake ameumaliza. Jana amefungua ukurasa mpya, Dawa, anasema hapo hatamwuliza mtu.

Nataka ujue ya Jumatatu, siku mbili kabla.

Kipande chako kilifika asubuhi hiyo. Nilikiweka mkononi mwa baba bila neno, kama ulivyoagiza. Alikipima uzito. Alikinusa. Alikilamba, nami nikataka kukiondoa, Athanas akanizuia. Alikigonga kwenye kitanda akatega sikio, akakigonga tena. Halafu alikaa muda mrefu, kipande kiko kifuani, anatazama juu. Mimi nilikuwa nalia kimya, sikujua kama ni chuma kizuri au kibaya.

Akanipa nikishike. Akajivuta kwenye mto, mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu aingie hospitali. Kisha mkono wake wa kushoto ukashika blanketi kiunoni, ukalipandisha mara mbili, hivi, kwa nguvu. Ukakuna kisogo kwa kidole kidogo. Akatoa kifua mbele, nusu ya kifua inayomtii. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuona siku ile ulipokuja, alikuwa wa kwanza kutambua, akasema, jamani, huyu si yule kijana wa Geita? Ulikuwa wewe, Bujiku. Ulivyopandisha suruali mlangoni ukikosa ujasiri wa kuingia, kabla hujafungua mdomo. Nilikuona kabisa, mtu mwenye miaka thelathini, ndani ya baba yangu.

Akasimamisha vidole viwili juu ya blanketi viwe miguu, akavitembeza kwa maringo mpaka kwenye goti. Hapo kimoja kikaanza kuburuta. Alikuwa anakuigiza wewe unavyomwigiza yeye. Wodi nzima ilicheka, wenye mishono wakashika mishono yao. Athanas alicheka mpaka miwani ikadondoka. Mimi nilicheka na hasira yangu ya miezi tisa ikatokea humo humo, sikuiona inakokwenda.

Baba hakucheka hata kidogo. Uso wake ulikuwa umetulia, anatutazama mmoja mmoja. Alipomaliza aliinamisha kichwa, kama mnavyofanya ninyi watu wa michezo, akabaki ameinama hivyo hivyo, anangoja. Ilituchukua muda kuelewa anangoja nini. Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi.

Scolastika